Tumewapa kipaza sauti, tumewanyima ofisi

Wiki mbili zilizopita nilipanda Coaster ya alfajiri kutoka Tarakea kuja Moshi mjini. Anayeijua barabara ile, inayopita Mkuu na Mwika kabla ya kuteremka Himo, anajua pia kwamba upande wa Rombo redio za Kenya hushika vizuri kama za kwetu, na pengine kuzishinda. Dereva alikuwa amefungulia Radio Jambo, kipindi cha Gidi na Ghost, na abiria wote walikuwa wamezama katika Patanisho, ile sehemu ambayo mume aliyekimbiwa na mkewe humpigia simu hewani kuomba radhi mbele ya taifa zima. Kijana aliyeketi kando yangu, ambaye alikuwa ameniambia kwamba yuko mwaka wa pili chuoni, alicheka hadi machozi. Nikamuuliza kama anamjua huyo Ghost ni nani.

"Ni yule wa Patanisho, mzee."

Mzee! Nina miaka arobaini na kitu. Nilipomweleza kwamba huyo wa Patanisho aliwahi kuipeleka Kenya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye kumbukumbu zimeanza kumchanganya.

Jibu lake limenisumbua tangu siku ile. Halikuwa jibu la kijinga. Kijana alitaja kazi ambayo Jacob Mulee anaonekana kuifanya kila siku, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ya kufundisha timu ya taifa ilikuwa ikija na kuondoka, na alikuwa mtoto mdogo wakati ilipong'aa.

Mulee alianza uwanjani, akahamia kwenye benchi, akajijengea jina na klabu ya Tusker, kisha akakabidhiwa Harambee Stars. Mwaka 2003 Kenya iliongoza kundi lililokuwa na Togo, Cape Verde na Mauritania, na Januari 2004 ikawa Tunisia, ikishiriki AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1992. Ilifungwa 3-1 na Mali. Ikafungwa 3-0 na Senegal, ile Senegal iliyokuwa imefika robo fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili kabla. Kisha ikaifunga Burkina Faso 3-0, kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia yake ya mashindano hayo. Kizazi hicho ndicho kilichokuwa kimetufunga sisi 3-2 katika fainali ya Chalenji jijini Mwanza, Desemba 2002, na wa rika langu hawajasahau. Wakati Wakenya wakishangilia Tunisia, sisi tulikuwa hatujaiona AFCON tangu Lagos 1980, na tungesubiri mpaka 2019.

Katika nchi yenye taasisi za mpira zilizotulia, mtu aliyefanya hivyo angepewa ofisi, mkataba mrefu na vijana wa kuwafundisha ukocha. Kenya ilikuwa na vita vya viongozi. FIFA iliifungia mwaka 2004, ikaifungia tena 2006. Mulee aliondoka, akaitwa, akaondoka, akaitwa. Alikuwapo Dar es Salaam kwenye Chalenji ya mwishoni mwa 2010, Kenya ikatolewa katika hatua ya makundi, naye akajiuzulu. Akaitwa tena Oktoba 2020. Machi 2021 timu yake ilitoka sare ya 1-1 na Misri ya Mohamed Salah jijini Nairobi, ikaifunga Togo 2-1 kwao Lomé, lakini tiketi ya AFCON ilikuwa imeshapotea. Septemba mwaka huo, baada ya sare mbili tu za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Uganda na Rwanda, wakaachana naye. Akaletwa Mturuki, Engin Firat, na mechi yake ya kwanza Kenya ikafungwa 5-0 na Mali. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa mara nyingine.

Sisemi kwamba Mulee alikuwa kocha asiyekosea. Chalenji ile ya 2010 ilikuwa aibu, na aliijua mwenyewe ndiyo maana akajiuzulu. Ninachosema ni kwamba aliitwa kama zimamoto anavyoitwa, nyumba ikiwaka, na moto ukipungua akarudishwa kituoni. Kituo chenyewe kilikuwa studio. Mtu aliyecheza na kufundisha katika kanda hii hupata ajira ya kudumu pale anapoacha vyote viwili na kuanza kuvizungumzia.

Wasomaji wangu wa hapa nyumbani wasianze kuwacheka jirani. Mwaka 2015 Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Uganda, Mart Nooij akafukuzwa, akaitwa Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga na wa Taifa Stars yenyewe. Novemba mwaka huo vijana wake walitoka 2-2 na Algeria Dar es Salaam, siku chache baadaye wakafungwa 7-0 kule Blida. Hakudumu. Baadaye Yanga ikamfanya katibu mkuu, na Novemba 2019 ilipomfukuza Mwinyi Zahera ikamwita ashike timu kwa muda, akaishika mpaka alipofika Mbelgiji Luc Eymael.

Januari 2024, tukiwa Ivory Coast, Adel Amrouche alifungiwa katikati ya mashindano kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco. Waliosimama pale mstarini baada yake walikuwa Hemed Suleiman, na pembeni yake Juma Mgunda, mtoto wa Tanga. Sare na Zambia, sare na DR Congo. Hemed akaendelea, akatuvusha kwenda AFCON 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, na Agosti 2025 akaifikisha timu robo fainali ya CHAN tuliyoiandaa wenyewe. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali alizotupeleka, nafasi ikakabidhiwa Miguel Gamondi, kwa muda. Huenda kulikuwa na sababu za kiufundi ambazo mimi, mwalimu wa chuo nisiyekuwa na leseni yoyote ya ukocha, siwezi kuzipima. Lakini mtindo unafahamika. Mzawa huitwa mambo yanapoharibika, na yakitengemaa huonekana mdogo kuliko kiti.

Sasa tutazame kiti cha pili, kile cha studio, kwa sababu nisingependa mtu aseme ninakidharau. Uchambuzi wa soka ni kazi halali na ngumu ikifanywa vizuri. Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga, ndiye aliyewafundisha Watanzania wengi, nikiwamo mimi, kutazama mchezo mahali ambapo mpira haupo. Kabla yake tulikuwa tunafuata mpira kwa macho kama watoto wanavyomfuata kuku. Aliposimamisha picha na kuonyesha jinsi kiungo alivyosogea hatua tatu na kumfungulia beki njia, alikuwa anafanya kile ninachojaribu kufanya darasani, na mara nyingi alifanya vizuri zaidi. Wapo wengine ambao kazi yao ni kupiga kelele za Simba na Yanga wakiwa wamevaa suti. Hao sina la kusema juu yao.

Mayay hakuridhika na kiti hicho. Mwaka 2017 aligombea urais wa TFF, akashindwa na Wallace Karia kwa kura nyingi sana mjini Dodoma. Ni haki ya wapiga kura. Lakini mwaka 2021, mkutano ulipofanyika Tanga, mgombea urais aliyebaki alikuwa mmoja tu. Mwaka 2025, Tanga tena, akabaki mmoja yule yule. Mlango unafungwa na kanuni. Anayetaka kugombea lazima kwanza adhaminiwe na wanachama wa Shirikisho, na wanachama hao wakishamdhamini aliyepo, wengine hawana pa kwenda kutafuta. Simlaumu Karia kwa kushinda mchezo ambao kanuni zake zinampa goli tupu. Ninawauliza walioziandika: mchezaji aliyetumikia jezi ya taifa, ambaye kila mtu nchini anamjua kwa sura na kwa hoja, atadhaminiwa na nani ikiwa wenye uwezo wa kudhamini ni wale wale anaotaka kuwakosoa?

Mayay mwenyewe baadaye alichukuliwa na Serikali kukaimu ukurugenzi wa maendeleo ya michezo wizarani. Nilifurahi siku ile. Nilifurahi pia kwa sababu ilikuwa habari, na kwamba ilikuwa habari ndiyo shida yenyewe.

Fedha zinaeleza sehemu ya jambo hili. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hiyo ni neema kubwa kwa ligi yetu na sitaki kuibeza. Lakini fedha zikiingia kupitia kamera, ajira huota mbele ya kamera. Kijana wa miaka ishirini anayetafakari maisha yake baada ya mpira anaona wazi kwamba aliyestaafu na kubahatika ni yule anayeonekana Jumamosi jioni akiwa na tai. Haoni mwingine. Wanafunzi wangu kadhaa wameniambia wanataka kuwa wachambuzi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anataka kuwa afisa michezo wa wilaya.

Haikuwa hivyo zamani, na hapa narudi Moshi. Mtu akitamka "Ushirika" katika mji huu, wengi hufikiria uwanja. Wengine hufikiria chuo, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu. Wachache wa umri fulani hufikiria timu. Ushirika ya Moshi ilicheza ligi ya juu ya nchi hii, kama walivyocheza Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, CDA ya Dodoma, RTC Kagera na Bandari Mtwara. Yatazame majina hayo kwa makini. Ni zao la pamba, ni shirika la reli, ni mamlaka ya kujenga makao makuu, ni shirika la biashara la mkoa, ni bandari. Mchezaji wa timu hizo alikuwa na namba ya mfanyakazi. Asubuhi alikuwa karani, fundi au mtunza ghala, jioni mazoezini, na alipotundika daluga alibaki na meza, mshahara na siku ya kustaafu iliyoandikwa kwenye faili. Hakuhitaji mtu wa televisheni amkumbuke.

Hapa Kilimanjaro mhimili ulikuwa kahawa. Wakulima wa mlima walianza kujiunga pamoja mwaka 1925, na KNCU ikazaliwa 1933. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, ikavirudisha baada ya sheria ya 1982. Lakini biashara huria ya miaka ya 1990 ndiyo iliyomaliza hesabu za timu. Mnunuzi binafsi alipoanza kusimama barabarani na mizani yake, hakuna chama kilichobaki na ziada ya kununua jezi. Tangu hapo mkoa umeonja Ligi Kuu kwa mkono wa Polisi Tanzania, walioutumia Uwanja wa Ushirika baada ya kupanda mwaka 2019 na wakashuka 2023. Miaka minne. Sasa, umbali wa saa moja na nusu kutoka hapa, Arusha kunajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na kila nikipita namwona mkandarasi anakimbizana na muda. Zege litakuwapo. Nani atawafundisha watoto watakaocheza juu ya nyasi zile mwaka 2035?

Jumamosi baada ya safari ile ya Coaster nilipanda Mwika kumwona mzee ninayemfahamu tangu nikiwa sekondari. Aliichezea Ushirika. Alikuwa na ajira katika ofisi mojawapo ya sekta ya kahawa, ikapunguza watu, naye akawamo. Sasa ana kihamba chake, ng'ombe wawili, na kila Jumamosi ana watoto thelathini hivi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Msomaji ambaye hajaishi mlimani hajui uwanja ni kitu gani huku. Ardhi yote ni mteremko, na kila kipande tambarare kina migomba ya mtu au kanisa. Uwanja ule upande mmoja umeishia kwenye korongo. Mpira ukitoka upande huo, mtoto mmoja huteremka kuufuata kati ya kahawa, na wengine huketi kumsubiri. Mzee hutumia dakika hizo kufundisha. Akawaketisha, akachora kwa fimbo kwenye vumbi jinsi beki wa kulia anavyopaswa kusimama mwenzake wa kushoto akipanda. Nilisikia maneno yale yale niliyoyasikia kwa Mayay kwenye televisheni.

"Meku," nikamuuliza, "kwa nini halmashauri haikuajiri?"

Alicheka. "Daktari, mimi nina cheti cha darasa la saba. Wewe unazijua hizo sheria kuliko mimi."

Ninazijua. Tangu mwaka 2004 masharti ya kuingia katika utumishi wa umma yanadai walau elimu ya kidato cha nne, na kila tangazo la ajira mnalolisoma linasema mwombaji asizidi miaka 45. Wengi wanakumbuka Aprili 2017, orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, na hofu iliyowapata hata wale wa darasa la saba ambao hawakughushi kitu. Sikatai haja ya vyeti. Ni mkate wangu. Lakini hebu tuyaweke masharti haya mawili pamoja mbele ya mwanasoka. Anaanza kucheza kwa dhati akiwa na miaka kumi na sita, wakati wenzake wako kidato cha tatu. Anaacha mpira akiwa na thelathini na tano. Anapata busara ya kufundisha akiwa na arobaini na tano. Siku hiyo hiyo mlango wa ajira ya kudumu unafungwa kwa umri, kama haukuwa umeshafungwa kwa cheti. Hakuna aliyekaa na kupanga kuwatenga wachezaji. Muundo uliandikwa kwa ajili ya makarani na ukamkuta mchezaji njiani.

Hapa mtu ataniambia: mbona kizazi cha 1980 kilifika mbali? Ni kweli. Leodegar Tenga, nahodha wa timu iliyokwenda Lagos, aliongoza TFF kuanzia mwisho wa 2004 hadi 2013. Joel Bendera, aliyekuwa kocha wa timu hiyo, alifika kuwa mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri wa michezo, kisha mkuu wa mkoa, Morogoro na Manyara. Lakini Tenga ni mhandisi, na wote wawili walikulia katika nchi ambayo mwanamichezo alikuwa ndani ya taasisi tangu siku ya kwanza. Hawakuingia ofisini kwa kupitia mpira peke yake. Ukimtoa Tenga kwenye orodha ya waliocheza kwa kiwango cha taifa na kisha wakaiongoza TFF, nitajie wa pili.

Waingereza, ambao runinga zetu zimewaiga mpaka rangi za meza, walikuwa na mtu aliyepita njia hii yote kabla ya wengine. Jimmy Hill alichezea Fulham. Mwaka 1957 akawa mwenyekiti wa chama cha wachezaji, na Januari 1961 chama hicho kikavunja kanuni iliyokataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Mwaka huo huo akaenda kuifundisha Coventry City, akaitoa daraja la tatu na kuifikisha la kwanza mwaka 1967. Ndipo alipokwenda kwenye televisheni, na wakati wa Kombe la Dunia la 1970 alikuwa mmoja wa waliobuni mtindo wa kuwakalisha wachambuzi pamoja na kuwaacha wabishane. Alipofika studio nyuma yake kulikuwa na chama chenye nguvu na haki iliyokwisha kupiganiwa. Sisi tulichukua meza, taa na ubishi, tukasahau kilichotangulia. Wachezaji wetu wanacho chama chao, SPUTANZA. Waulize wanafunzi wa michezo katika chuo chochote kama wanakijua kilipo.

Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa umma, alisoma rasimu ya makala hii akaniambia ninachanganya mambo: kucheza vizuri si kujua kuongoza, na nchi imejaa wachezaji wazuri walioharibu timu walizopewa. Anasema kweli. Ningemjibu kwamba nchi imejaa pia wasiocheza walioharibu timu walizopewa, na hatujawahi kutumia hoja hiyo kuwafungia wasiocheza wote nje. Lakini hoja yake ina uzito zaidi ya hapo. Sitaki mzee wa Mwika apewe kazi kwa sababu alifunga mabao mwaka fulani. Nataka apimwe. Akishindwa kipimo, abaki na ng'ombe wake.

Kipimo hicho tayari tunacho, ila kimeishia kwa mafundi. VETA ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi mwashi aliyejifunza kwa kushika mwiko kwa miaka ishirini hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti, bila kuulizwa alikaa dawati gani. Waashi, maseremala, makanika na wapishi wamenufaika. Sioni sababu ya kimantiki ya kumkubali aliyejifunza kupanga matofali na kumkataa aliyejifunza kupanga mabeki. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kinaweza kupima. Leseni za ukocha za CAF zinajulikana ngazi zake. Na kwa sharti la umri, ajira ya mkataba ipo katika kanuni zetu na hutumika kila siku kwa wastaafu ambao wizara zimeona hazitaweza kuishi bila wao.

Haja yenyewe si ya kubuni. Sera ya elimu iliyohaririwa mwaka 2023 imefungua mkondo wa amali sekondari, na michezo imo. Wakuu wa shule wa mkoa huu niliozungumza nao wananiuliza swali moja: mwalimu wa somo hilo atatoka wapi? Wanauliza hivyo huku mzee yuko kilomita tatu kutoka shuleni, akichora kwa fimbo.

Nilimpelekea wazo hili afisa mmoja wa halmashauri hapa mkoani, ambaye sitamtaja kwa kuwa alinisikiliza kwa uungwana kuliko nilivyotarajia. Alifungua ikama kwenye kompyuta, akanionyesha safu za kada. Afisa michezo, ndiyo, kwa mwenye shahada au stashahada. Mkufunzi wa jamii aliyerasimishwa, hapana, kada hiyo haipo, na kisichokuwa na safu hakiwezi kuombewa kibali wala kutengewa mshahara. "Andika barua kwa Mkurugenzi," akasema, "na nakala iende Utumishi. Kada huanza na barua ya mtu."

Barua nimeiandika. Ina kurasa mbili, na imepokelewa kwa mhuri wa Jumatatu.